Udongo wa Bondeni

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyodanganya kwa jembe. Nilikuwa mke mpya hapa Kyerwa. Bwana shamba alikuja na mifuko, akasema udongo wetu upelekwe kupimwa kama una madini ya sumu. Alitaka ule wa shamba la bondeni, chini ya mashimo ya wachimba madini ya bati, ambako kila mvua ilitushushia tope la machimbo juu ya maharage. Akanipa mfuko mmoja, yeye akaenda kwa jirani.

Nikaona aibu. Mgeni aondoke na tope lile la rangi ya kutu? Nikaingia kibanjani, kwenye migomba ya nyuma ya nyumba, nikachota udongo mweusi ulioshiba samadi. Nikaujaza vizuri, kama ninayemfungia mgeni ndizi za safari.

Bibi yako alipojua, mfuko ulikuwa umekwisha ondoka. Aliwaka. "Ukienda hospitali unatoa damu ya jirani? Mfuate yule bwana umwambie!"

"Ndiyo, mama," nikaitikia. Sikwenda.

Majibu yalikuja: udongo salama. Tukashukuru, tukaendelea kula vya bondeni. Hata wewe nilikulisha, ukiwa mdogo hujaota meno yote. Mpaka leo sijui nilikulisha nini, na hilo linaniuma kuliko majibu mabaya yoyote.

Sasa leo wapimaji wamerudi, na nimekuona kwa macho yangu umeinama kwenye migomba ile ile na mfuko wao! Nakuuliza, unanijibu, "Mama, wanunuzi wa soko la Nkwenda wakisikia kuna sumu, nani atachukua maharage yangu?" Hivi huoni haya? Waliochimba wamekwenda zao wametuachia mashimo, na sisi tunawasaidia kuficha! Na mwanao anakula maharage hayo hayo.

Kamwage udongo huo. Shuka bondeni, uchote pale tope linapoingilia, uchote katikati na kule mwisho, uchanganye, useme wazi umetoka wapi. Majibu yakiwa mabaya, hatulimi chakula pale tena, wanunuzi wanune wanavyotaka. Na kabla hayajaja, mtoto asionje kitu cha bondeni.

Mungu akujalie migomba isiyokauka, mwanangu, na mtoto mwenye afya, na uso mkavu wa kumwonyesha mpimaji pale palipo pabaya. Jembe liko nyuma ya mlango.