Katoni za Wilbard na Vyumba vya Trela

Odilia alifika Guangzhou kwa ufadhili wa masomo, akasomea uhandisi wa mitambo, na kwa miaka kumi na miwili iliyofuata hakuna aliyemwomba aguse mtambo. Watu walitaka Kichina chake tu. Alipanga mtaa wa Sanyuanli, juu ya ofisi ya mizigo, akiwatafsiria wafanyabiashara wa kwao bei za suruali na sababu za meli kuchelewa. Jioni alijikuta amechoshwa na maneno ambayo hata hayakuwa yake. Ndiyo maana mwaka 1998 Wilbard, mfanyabiashara wa Moshi, alipompeleka kuona trela, alifurahi kuliko alivyoonyesha.

Ilikuwa nyumba ya magurudumu, ndefu, yenye shingo iliyoinuka ili ilale mgongoni mwa gari la kuivuta. Wahandisi wa kigeni waliokuwa wakijenga daraja waliishi humo, wakaondoka, ikabaki kwenye yadi ya bosi mmoja, laoban Liang. Ubavuni ilikuwa na vyumba viwili vilivyotoka na kurudi kama droo, vikisukumwa na mafuta ya haidroliki. Wilbard aliitaka kwa ajili ya wageni wake wa mbugani. Odilia akamsomea kitabu cha maelekezo mara mbili: trela isimame sawasawa, betri iwe na nguvu, sakafu iwe tupu, kisha kandamiza swichi wala usiiachie mpaka chumba kifike mwisho. Wilbard aliitikia kila sentensi kama mtu aliye kanisani.

Siku ya kuisafirisha trela, saa saba mchana, Wilbard alimpigia Odilia simu kwamba vyumba vimegoma kuingia. Gari la kuivuta lingefika saa tisa. Meli ilikuwa ikifunga kupokea mizigo jioni hiyo, na iliyofuata ilikuwa baada ya wiki tano, wakati wageni watakuwa wameshatua Moshi. Na hakuna barabara ya kupitisha trela iliyotanua mbavu.

Odilia alimkuta kaganda kwenye swichi. Pampu ilinguruma, chumba kikasogea upana wa kiganja, kikagoma. Wilbard alikuwa ameshaazima betri ya laoban, ameshaongeza mafuta, na sasa alikuwa akiwalaani waliokiunda. Odilia akapiga magoti matopeni kwa sketi yake ya kazini, akaifuata mipira ya mafuta kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Haukuvuja hata mmoja. Ndipo akafungua mlango.

Sakafu haikuonekana. Madaftari, wanasesere, uyoga mkavu, mzigo mzima wa maduka ya jumla ya Yide Lu, katoni juu ya katoni hadi darini, zimepangwa kwa ustadi ambao siku nyingine angeusifu.

"Kaka Wilbard, hizi umepakia lini?"

"Jana. Nilifungua vyumba kwanza, dada. Vikiwa wazi inabeba maradufu."

"Na vikiingia, katoni ziende wapi?"

Wilbard akazitazama katoni, akautazama ukuta. "Nilidhani zitajibana."

Kwa wafanyabiashara wa kwao, kusafirisha nafasi tupu ni dhambi: friji hujazwa viatu, viatu hujazwa soksi. Odilia mwenyewe aliwahi kujaza vijiko ndani ya mabirika. Lakini mtu wa kupakia kwenye nafasi ambayo itatoweka hakuwahi kumwona.

Wakaanza kushusha. Wilbard aliiombea kila katoni: hii ni ya shemeji, hii ni laini, hii haichukui nafasi. Laoban Liang aliulizwa kama ghala lake lina sehemu, akasema meiyou, hakuna, bila kuacha kula. Odilia akaacha kubembeleza, akawa anazitupa nje.

Dereva alipopiga honi, sakafu ilikuwa tupu lakini chumba cha kwanza kilikuwa bado nje. Odilia akakandamiza swichi, akaishikilia. Chumba kikaingia polepole, kikanyamaza mahali pake. Cha pili kikafuata. Kwa dakika hizo mbili kulikuwa na kitu katika mji huu kilichofanya kama kilivyoambiwa, naye akatamani kingekuwa na safari ndefu zaidi.

Wilbard alikuwa amesimama katikati ya mlima wa katoni, akichungulia ujia mwembamba uliobaki ndani.

"Dada Odilia," akasema kwa upole, "hapo katikati mimi naona zinaingia sita."

Odilia akafunga mlango, akaenda kumkabidhi dereva ufunguo.