Mwalimu Hapigiwi Honi

Mwaka niliostaafu ualimu, daktari alinipima presha, akakitazama kipimo, akanitazama mimi, akakitazama tena kipimo.

"Mama, unatembea?"

Nikamwambia natembea, hata pale nimeingia kwa miguu yangu kutoka kwenye bajaji. Hakucheka. Akaniandikia vidonge, na chini ya vidonge akaandika kwa herufi kubwa: KUTEMBEA NUSU SAA KILA SIKU.

Ndivyo nilivyoanza kwenda bustanini. Hapa kwetu Bagamoyo kuna bustani ndogo upande wa baharini, ina mivinje, mabenchi ya saruji, na njia ya vitofali inayoizunguka na kutokea mtaa wa pili. Upana wake ni wa watu watatu wembamba, au wawili wenye miili kama yangu na ya shoga yangu. Shoga yangu huyu ni jirani, tumepakana ua, tumeozeshana mabinti, na sijawahi kumsikia akilisema jambo mara moja likamtosha. Tulikwenda pamoja kila asubuhi baada ya chai, tumevaa madira yetu na raba chini yake. Yeye presha hakuwa nayo. Alikuja kwa ajili ya mazungumzo.

Siku za mwanzo tulidhani njia ni yetu. Kumbe bustani ile ndiyo njia ya mkato kutoka soko la samaki kwenda mitaani, na baiskeli zilipita humo asubuhi nzima. Kulikuwa na wauza samaki na matenga yao, muuza mikate na sanduku lake la bati, na fundi mmoja aliyeendesha kwa mkono mmoja huku ngazi iko begani, hivi kwamba ngazi ilikufikia kabla yake na iliendelea kupita muda mrefu baada yake. Jumamosi walikuja wengine kutoka Dar, wamevaa kofia ngumu na nguo za kubana. Mara ya kwanza walipopita shoga yangu aligeuza uso kwa aibu, kisha akageuka tena kuhakikisha.

Kila mmoja alikuwa na lugha yake. Muuza mikate alisema "Miguu! Miguu!" kana kwamba miguu yetu ingemsikia bila sisi. Wale wa Dar walisema "Kulia!" na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kulia kwao au kwetu? Wao wanapita kulia, au sisi ndio twende kulia? Siku moja mimi nilikwenda kulia, shoga yangu akaenda kushoto, na kijana wa watu akapita katikati yetu amefumba macho. Nilimwona kabisa. Amefumba.

Lakini aliyeniangusha hakuwa wa Dar. Alikuwa muuza samaki mmoja, mtu mzima wa makamo, mwenye baiskeli ya chuma na honi ya mpira ambayo ukiiminya inalia kama bata anayebanwa mlangoni. Honi ile mtaa mzima tunaijua. Ikilia, unatoka na sahani. Sasa asubuhi hiyo shoga yangu alikuwa ananisimulia habari za harusi ya Miono, jinsi pilau lilivyoungua, na mimi niligeuka ghafla kumuuliza liliungua chini au lote. Nikajikuta nimekumbatiana na usukani. Mimi chini, baiskeli juu yangu, na vibua wa tenga zima wakatumwagikia sote.

"Shikamoo, mwalimu," ikasema sauti kutoka upande wa pili wa baiskeli.

"Marahaba," nikajibu, maana mazoea hayana pa kwenda. Kisha nikapandisha hasira. "We baba, huna honi?"

"Ninayo, mwalimu."

"Inalia?"

"Inalia vizuri sana."

"Sasa mbona hukuipiga?"

Akainuka, akajifuta magamba usoni, akasimama wima mikono nyuma. Kusimama kule ndiko kulikonifanya nimtambue. Nilimfundisha darasa la nne, miaka mingi iliyopita, alikaa dirishani na alikuwa mzito wa kugawanya.

"Mwalimu," akasema, "nikupigie honi wewe? Wewe si ndiye uliyetufundisha kwamba mkubwa hapigiwi mluzi wala haitwi kwa kelele? Ulisema unamfuata taratibu mpaka uwe karibu naye, ndipo unamwamkia. Nimekufuata tangu kwenye benchi la kwanza. Nilikuwa nimeshafika ubavuni, nataka kukuamkia tu."

Niliikumbuka siku ile darasani. Nililisema hilo, na nililisema kwa ukali, na nikawafanya walirudie wote kwa sauti. Katika wanafunzi wote niliowafundisha, huyu mmoja ndiye aliyeshika somo, na amekuja kunilipa mgongoni.

Shoga yangu alikuwa ameshika kiuno, anacheka mpaka machozi. Alipopata pumzi akaanza kuokota vibua, akichagua wakubwa.

Kiwiko kilinichubuka na nyonga ikaniuma siku kadhaa. Maumivu ya nyonga ningeyavumilia. Aibu ndiyo iliyonipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilimwambia baiskeli zipigwe marufuku bustanini, na nikamwambia kwa ile sauti yangu ya mstarini. Naye alikuwa mtu mpole asiyependa maneno. Aliitisha mkutano pale pale kwenye mivinje. Nikasimama, nikaonyesha kiwiko. Akina mama wa mazoezi wakapiga vigelegele, wakanyoosha mikono, na marufuku ikapita kabla jua halijawa kali. Muuza samaki wangu alikuwepo. Na yeye alinyoosha mkono kuunga mkono. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema hakuona adabu kunipinga mbele za watu.

Kibao kikachorwa: BAISKELI MARUFUKU. Siku mbili tulitembea kama malkia. Siku ya tatu nikasikia kimya. Honi haikulia. Wauza samaki sasa walikuwa wanazunguka kwa barabara kubwa, na katika kuzunguka huko walipita mitaa mingine kwanza, na mitaa mingine nayo ina sahani. Mpaka wafike kwetu, katika tenga palikuwa na barafu na kichwa kimoja cha kolekole kilichokataliwa na wote. Mikate nayo ikawa inafika watu wameshakunywa chai.

Mtaa mzima ukala mchicha. Wiki nzima, mchicha na mlenda. Akina mama wale wale walionipigia vigelegele wakaanza kunisalimia kwa ufupi. "Salama?" "Salama." Basi. Pwani hii mtu akikusalimia kwa neno moja ujue una kesi. Siku moja nikiwa uani nikasikia harufu ya samaki wa kukaanga inatoka ng'ambo ya ukuta. Nikachungulia.

"Umewapata wapi?" nikamuuliza shoga yangu.

Hakunitazama. "Wapi nini?"

"Hao changu wawili kwenye kikaango."

"Hawa? Wamekuja."

Kumbe alikuwa amepatana na muuza samaki, kila asubuhi wanakutana kwenye geti la nyuma la bustani mimi nikipumzika benchini, yeye akiwa amevaa raba za mazoezi. Nilipodhani tunatembea pamoja kwa siha, mwenzangu alikuwa anabeba samaki chini ya mtandio. Nilikuwa nimeisikia ile harufu njiani, nikadhani ni upepo wa baharini.

Alinipa mmoja. Nikamla nimesimama. Kesho yake nilirudi kwa mwenyekiti.

"Mama mwalimu," akasema kabla sijakaa, "nimekusubiri tangu Jumatatu. Hata kwangu tunakula mchicha."

Tukakubaliana pachorwe mstari mweupe katikati ya njia, upande mmoja wa kutembea, upande mwingine wa baiskeli. Mstari ukachorwa mzuri, umenyooka. Ila aliyechora alisahau kuandika upande upi ni wa nani. Nusu ya watu wakaamua kushoto, nusu kulia, na wazee wawili wanaocheza bao wakaona mstari umewekwa kwa ajili yao, wakatandika mkeka juu yake. Hata hivyo, taratibu, kwa kugombana na kusameheana, upande wa baharini ukawa wa miguu. Samaki wakarudi. Salamu zangu zikarudi urefu wake wa zamani, mpaka na habari za wajukuu.

Ningekuwa na bahati mambo yangeishia hapo. Lakini kabla ya mwaka kwisha goti langu la kulia likaanza kulia kila nikilikunja. Nikarudi kwa daktari yule yule. Akalibonyeza, akalizungusha, akasema limechoka, nisilitembeze sana.

"Presha je?" nikamuuliza. "Si ulisema nitembee?"

"Jaribu baiskeli," akasema. "Haibebeshi goti uzito."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa mtu wa kutania. Binti yangu aliye Dar alifurahi mno kusikia, akaniletea baiskeli ya kike, isiyo na chuma cha katikati, rangi ya zambarau, ina kikapu mbele. Ikakaa ukumbini siku nne. Nilikuwa naipita kwa mbali kama mgeni niliyemwalika kwa bahati mbaya. Katika umri wangu wote sikuwahi kupanda baiskeli. Enzi za utotoni mwetu Bagamoyo mtoto wa kike hakupandishwa.

Wa kunifundisha alikuwa mmoja tu. Nilimngoja ukumbini, honi ikalia, nikatoka bila sahani.

"Mwalimu, leo hutaki samaki?"

Nikamweleza. Akaliangalia dira langu juu mpaka chini. "Utavaa suruali ndani," akasema hatimaye. "Na utanisikiliza?"

"Nitakusikiliza."

"Mwanafunzi mtiifu?"

"Usizidishe, baba."

Tulianza kesho yake bustanini, akishamaliza kuuza. Na hapo ndipo nilipojua kwamba mtoto wa dirishani alikuwa hasikii kugawanya tu. Mengine yote aliyasikia. "Tazama mbele! Chini kuna nini, kuna majibu?" Nilikuwa nikilisema mimi hilo. "Usilie, rudia." Na hilo langu. Nilipoangukia kwenye maua mara ya tatu, alikunja mikono kifuani, akapumua kwa pua, akasema, "Mimi nina muda. Nyinyi ndio mnaochelewa." Nilikuwa peke yangu pale kwenye maua, lakini alisema nyinyi, kama nilivyokuwa nikiwaambia wao. Nilicheka mpaka nikashindwa kuinuka, naye akacheka, kisha akaona aibu, akaniomba radhi, akanipa mkono.

Wiki ya pili nikaweza. Siwezi kulieleza jambo lile. Goti haliumi, upepo unaingia kwenye mtandio, mivinje inapita yenyewe. Nilisahau kila nilichowahi kusema kuhusu watu wa baiskeli. Na ndani ya siku chache nikawa nawachukia wanaotembea. Wanatembea watatu watatu! Wanageuka bila habari! Wanasimama katikati ya mstari kusimuliana habari za harusi!

Asubuhi moja mbele yangu kulikuwa na mgongo ninaoujua, uko upande wa baiskeli, unapepesuka huku na huku. Nikapiga kengele. Mara moja tu, tena kidogo.

Shoga yangu aligeuka, akaniona, akanipisha. Hakusema neno. Huyo ambaye haijawahi kutokea akakosa la kusema. Nikapita nikijua nimeharibu.

Jioni ile nilibisha hodi kwake. Akanikaribisha kwa neno moja.

"Umenipigia kengele," akasema. "Kama mbuzi aliyelala barabarani."

"Nisamehe, shoga yangu."

"Tumeozeshana mabinti."

"Tumeozeshana. Nisamehe."

Akaendelea kupeta mchele. "Basi kesho unipakie."

Nilimwambia sijawahi kumpakia mtu. Akasema yeye si mtu, ni shoga yangu. Kesho yake akaja amevaa khanga mpya, akakaa nyuma kwa ubavu, akanishika kiuno, na muuza samaki akatusukuma. Baiskeli ikaondoka kwa kuugua. Na yeye hapo hapo akaanza kusimulia: binti wa fulani, mume wake wa Msata, mahari iliyorudishwa. Aliwaamkia watu wote wa njia nzima, akipunga mkono kama bibi harusi.

Nilikuwa nimejifunza kusimama kwa kuteremsha mguu. Na kwa uzito wa watu wawili kama sisi, mguu haukuwa na la kufanya. Nikapita getini tulikoanzia, sikusimama.

"Mbona tunazunguka tena?" akauliza.

"Nataka upunge upepo."

Mzunguko wa tatu akaacha kusimulia. "Shoga," akasema taratibu, "unajua kusimama?"

"Nikiwa peke yangu, najua."

Akaanza kusoma dua. Mimi nikaona kona ya upande wa baharini, pale vitofali vinapokutana na mchanga wa ufukweni, nikaelekeza gurudumu huko. Baiskeli iliingia mchangani, ikapunguza, ikapunguza, ikalala. Na sisi tukalala nayo, polepole kabisa, kama watu waliokuja kupumzika.

Tulikaa pale tukikung'uta mchanga. Muuza samaki alikuwa anakuja mbio kwa miguu, ameshika kofia yake, anaita, "Mwalimu! Mwalimu, shikamoo!"

Shoga yangu alitengeneza khanga yake, akaitazama baiskeli, akatazama upande wa sokoni.

"Kesho tuanze mapema," akasema, "kabla changu hawajaisha."