Ngitili ya Deusdedit

Ritha binti Mageni ninamjua tangu akichunga mbuzi wa baba yake kule Didia. Redio yangu aliibomoa akiwa na miaka tisa. Nilimchapa, naye akairudisha ikiimba kuliko mwanzo. Leo ana kibanda cha kutengeneza kompyuta Ushirombo, na namheshimu, ingawa simwambii.

Nilimpelekea kompyuta ndogo ya mwanangu Deusdedit. Asubuhi alipokwenda Geita kuchimba alijirekodi sauti humo, akaniachia kitandani. Niliisikia mara moja. Duara, shimo lao la dhahabu, likatitia naye ndani, mpaka leo hawajamtoa. Kisha na kompyuta ikagoma kufunguka. Fundi mmoja wa Chato akasema, "Bibi, hii ni kupiga windo upya, vya ndani vyote vinafutika." Nikamnyang'anya.

Ritha, aniitaye mayu, yaani mama, akaigeuzageuza. "Mayu, matundu ya flashi yamekufa. Pa kuweka sidii hapapo. Na diski imegandishwa kwenye bodi, haing'oki."

"Basi na wewe umeshindwa."

"Sijasema hivyo. Nitaiunga kwa waya na kompyuta yangu, inyonye mfumo mpya kutoka huko. Shida ni pa kuuweka, nisimkanyage Deus."

"Si wewe binti wa mfugaji? Tenga ngitili."

Akavuta kiti, akaanza. Ngitili ni malisho tunayoyazuilia, ng'ombe haingii mpaka kiangazi kikolee. Kumbe hata kwenye diski inawezekana. Akamega kipande cha pembeni kilichokuwa kitupu, mfumo mpya ukapita kwenye waya kutwa nzima, ukakaa hapo. Upande wa mwanangu haukuguswa. Jioni akaufungua huko huko kwenye mfumo mpya, sauti ikatoka.

"Mayu, shikamoo. Leo nashuka duarani. Nikitoka nitakupigia."

Nikaitikia marahaba, wateja wakinitazama.

Sasa kila nikiiwasha inaleta mistari miwili, mfumo mpya na wa zamani. Inahesabu kumi, usipogusa inaingia kwenye mpya yenyewe.

"Ule wa zamani umeshakufa, mayu, hauendi popote," Ritha akaniambia. "Niuondoe huo mstari usikuchanganye?"

"Uache."

Sauti nimeshaisikia, iko salama. Ila kila siku nachagua mstari wa zamani. Kioo kinakuwa cheusi, kijitaa kidogo kinapepesa pembeni, kama taa ya mchimbaji akiwa chini sana. Nakaa hapo, simu yangu mapajani, mlio wake nimeuongeza mpaka mwisho.

Alisema akitoka atapiga.