Bibi wa Sura ya Tisa

Mwaka 1973, pale Msimbati, jirani yangu Bi Mwanakombo alikuwa akija kila alasiri na ukili wake wa kusuka, nimsomee kitabu. Mimi kusoma nilijifunza peke yangu, kwenye magazeti ya kufungia samaki. Yeye macho yalikuwa yamekwisha.

Kitabu chenyewe kibovu. Watoto wa nyumba moja wanasimulia kwa zamu habari za vizazi vitatu vya ukoo wao, na wote, hata wa miaka sita, wanasema kama makarani wa mahakama. Bi Mwanakombo hakujali. Alicheka mpaka ukili ukamponyoka.

"Waongo hawa! Soma, Muhidini."

Sura ya pili watoto walimzika bibi yao. Sura ya tisa bibi huyo huyo akawakemea kwa kumwaga uji.

"Mwandishi kasahau," nilisema.

"Umesahau wewe, na kusoma kwako kote! Huyo ni mjukuu aliyerithi jina. Ulitaka wamwite nani?"

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mtoto akipewa jina la marehemu alipewa na heshima yake. Hata mama aliyemzaa alimwamkia. Hamisa, bintiye Bi Mwanakombo, alikuwa mjamzito huko Ufukoni, mjini Mtwara, na ule ukili ulikuwa wa mkeka wa mtoto. Akiwa wa kike ataitwa Mwasiti, jina la marehemu mama yake Bi Mwanakombo.

"Nitamwamkia mama yangu tena," aliniambia.

Akazaliwa wa kike. Siku ya saba, siku ya kutoa jina, nilimbebea mkeka tukaenda. Hamisa akanipa kadi ya kliniki niisome. Mtoto alikwisha andikwa Nadia.

"Mwasiti jina la kizee, mama. Shuleni watamcheka."

"Na mama yangu nimweke wapi?"

"Amekwisha pumzika, mama. Mwache."

Siku hizi majina yanaokotwa redioni, na muhuri ukishagongwa hakuna mzee anayesikilizwa. Bi Mwanakombo alitandika mkeka, akamlaza mtoto, asimwamkie.

Tuliporudi Msimbati, kitabu kilikuwa kimebakiza sura nne. Hakutaka kujua mwisho.

"Soma ya tisa."

Nilipofika pale bibi anapokemea, aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Nikampa yule bibi wa kitabuni nafasi ya kuitikia. Kisha nikaendelea na habari za uji.