Majina Kumi na Moja ya Kiwanda cha Kufulia

Ozella Tolliver alipiga pasi mashuka ya hospitali miaka kumi na tisa katika kiwanda chetu cha kufulia, hapa Cleveland. Mimi nilisimama kwenye mashine ya pili kutoka kwake. Mwaka 1973, mwenzetu Verdell alifukuzwa kazi kwa sababu ya ujauzito. Ozella akazima mashine, akasema, "Leo mashuka yatajinyoosha yenyewe." Tukamfuata. Pamoja na Verdell tulikuwa wanawake kumi na mmoja, weusi sote.

Tulisimama langoni wiki tano, kwenye theluji. Wiki ya tatu walikuja wasichana wa chuo kikuu, wazungu, na kahawa na mabango. Tuliwapenda. Lakini Jumapili gazeti kubwa la mji likatoa picha yao ukurasa wa mbele, na maneno: "Wanawake wa Cleveland Waamka." Sisi tulionekana kiwiko tu, cha Ozella.

"Kimetoka vizuri, lakini," alisema. Tukacheka. Ila niliona alivyolikunja lile gazeti, taratibu mno.

Kesho yake akavaa kofia yake ya kanisani, akanichukua tukaenda ofisini kwa gazeti lile. Mwandishi wa habari ile aliitwa Hadley, kijana mpole.

"Mama, habari yenu ni ya watu weusi," alisema. "Ile ilikuwa ya wanawake."

"Kwani mimi unaniona nani?"

Hadley akainamia kalamu yake. Tukaondoka.

Kampuni iliposalimu amri, Verdell alirudishwa kazini na likizo ya uzazi ikaingia kwenye mkataba. Mkataba wenyewe alikuwa nao Ozella, mkobani. Hadley akaja mbio pale langoni.

"Utausoma," Ozella akamwambia. "Kwanza andika majina yetu."

"Yote?"

"Yote. Anza na Verdell. Na Tolliver ina L mbili."

Akaandika, vidole vimemfa ganzi kwa baridi, sisi tukimsahihisha herufi. Gazeti lake lilichapa majina matatu. Gazeti letu sisi weusi, la kila Alhamisi, likachapa yote na picha.

Majira ya kuchipua, wale wasichana walimwalika Ozella chuoni akazungumzie haki za wanawake. Alikubali, akaenda nasi sote. Alizungumza saa nzima bila karatasi. Verdell alikaa mstari wa mbele akinyonyesha, na hakuna aliyethubutu kumwambia ajifunike.