Kivuli Kwenye Picha za Sanduku

Kabla sijamwona mjomba, niliisikia simu yake. Sauti ya mwanamume nisiyemjua ilitoka dirishani, ya upole, kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa ale. "Mzee, mti ukilala tu, mali ya Mjerumani hiyo. Usichelewe."

Nilikuwa nimetoka Nachingwea asubuhi hiyo kwa bodaboda hadi kwake Nambilanje, kwa sababu aliniita nikamtazamie picha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa. Wewe kazi yako kutunga uongo wa vitabuni, wa wenzako utaujua." Akacheka, akanipa simu.

Picha zilionyesha sanduku la chuma lililofukiwa nusu, kifuniko kimechorwa tai. Aliambiwa zimepigwa na mtambo unaoona chini ya ardhi, na kwamba sanduku limelala chini ya mkorosho wa nyuma ya nyumba, ule ambao korosho zake zilitusomesha sote. Kwetu watu husema Mjerumani alipokuwa akikimbilia Ruvuma vitani alizika mali, akaacha mti juu yake kuwa alama. Basi mti ukizeeka sana, watu huanza kuutazama vibaya.

Nikaikuza picha. Pembeni mwa sanduku, juu ya udongo, kulikuwa na kivuli cha mtu aliyeinua mikono kushika simu.

"Mjomba, huko chini ya ardhi jua linatoka wapi?"

Alikitazama kile kivuli, akaizima simu. Nilidhani yamekwisha.

"Mkorosho ule nikifa ni wa nani?"

Kwetu Wamwera mali ya mjomba humfuata mpwa, na yeye alijua kwamba najua.

"Ni wako," akasema. "Ndiyo maana umekiona kivuli."

"Mjomba, wallahi sijaja kwa ajili ya mti."

"Mti ni wa ukoo. Shamba la ukoo. Sanduku ningewapa wanangu niliowazaa. Wao nitawaachia nini, kofia?"

Nje pikipiki ilizimwa. Vijana wa msumeno, aliowaita waje kuukata mti, walikuwa wamefika kutoka Ruangwa. Harufu ya maua ya mkorosho ilijaa chumbani, nzito, tamu kupita kiasi.

"Tungoje basi hata korosho za mwaka huu," nilisema.

Hakukasirika. Aliniambia ninywe uji kabla haujapoa, akatoka kuwaonyesha vijana mkorosho, akaufunga mlango nyuma yake.