Mnazi na Msemaji Wake

Enzi hizo za Mwingereza nchi yetu haikuwa na chuo kikuu. Sisi wachache tuliobahatika tulivuka Ziwa kwenda kusoma. Mwaka wangu wa pili tulirudi likizo na kazi moja: kila mtu aandike utafiti juu ya kwao. Ambaye msimamizi wake hatautia sahihi, asirudi chuoni.

Msimamizi wangu alikuwa mwalimu mstaafu wa Mwananyamala, aliyesoma kwa kidole. Kidole kilipokwenda, nilipumua. Kiliposimama, nami nilizuia pumzi.

Nilikuwa nimeandika juu ya minazi ya mtaani kwetu, Temeke: kwamba mgeni akihamia, hufukia kitovu cha mtoto wake wa kwanza kuzaliwa pale, akapanda mnazi juu yake, na tangu siku hiyo huitwa mwenyeji. Kidole kikaganda.

"'Wazee husema.' Wazee gani, bwana mdogo? Hawana majina?"

"Ni jambo linalojulikana, Mwalimu."

"Wewe ulilijuaje, uliota? Si umesoma madrasa? Hadithi za Mtume hupokewaje?"

"Fulani kutoka kwa fulani, naye kutoka kwa fulani."

"Haya, kaniletee hao fulani."

Nilianza kwa jirani yetu, bibi muuza vitumbua, maana ndiye aliyenisimulia utotoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekwenda kote huko kwa Wazungu, kumbe unarudi kuniuliza mimi!" Akacheka mpaka upawa ukamtoka mkononi. Kisha akaniambia habari ile aliipata kwa mchonga vinyago, mzee wa kutoka kusini, siku alipomwona akipanda mnazi.

Mchongaji nilimkuta kivulini mwa banda lake, tezo mkononi, mpingo ukimwaga vumbi jeusi miguuni pake. Nilimwamkia, nikamuuliza aliambiwa na nani. Akaiweka tezo chini.

"Aliniambia baba yako."

Baba alifariki sijaota meno. Sauti yake siijui.

"Nilikuwa mgeni, mke wangu amejifungua," alisema. "Baba yako akaja na mche wa mnazi begani. Akanambia, fanya kama nilivyomfanyia mwanangu. Akanionyesha ule wenu, pale uani."

Ule uani! Ule niliofungia kamba ya nguo, nikauegemea nikisoma vitabu vya watu wa mbali.

"Na yeye aliambiwa na nani, mzee?"

"Sikumuuliza, mwanangu. Nani angejua utakuja?"

Nilirudi nyumbani nikaushika ule mnazi kwa viganja vyote viwili, nikatazama juu mpaka shingo ikauma. Makuti yalikuwa yanasemezana na upepo. Nilitamani kuandika kwamba baba alirithi desturi ile kwa mababu. Sentensi ingetimia, na sahihi ningeipata. Lakini sikuwa na fulani wa kunipa neno hilo.

Niliandika majina yote matatu, la baba mwisho. Chini yake nikaandika: "Hapa mapokezi yanakatika. Msemaji amefariki, wala hakuna aliyemuuliza."

Mwalimu alisoma polepole. Kidole kilifika kwenye jina la baba, kikatulia juu yake muda mrefu, kama mtu aliyeshika bega la mwenziwe. Kisha akainuka kutafuta kalamu.